Mbegu ya Kwanza na Tembe Tatu kwa Siku

Kwanza nikutoe wasiwasi: sikufa. Nalisema mapema kwa sababu najua wewe unayesoma haya pengine umekaa kwenye benchi la hospitali, kitambaa kimelowa chini yako, na unahesabu waliobaki kabla ya zamu yako kwa daktari. Mimi nilikalia benchi hilo. Nilimwaga damu ya kutosha kupaka rangi mapaa yote ya Kisumu, ya maduka ya Wahindi na ya ofisi za serikali, na ingebaki ya kupaka gati la meli. Lakini niko hapa, nimenona, na kitu pekee nilichopoteza ni sikio la kushoto, ambalo halikuchukuliwa na ugonjwa. Nitafika huko.

Naitwa Rosalia. Nilizaliwa Nyakach, karibu na soko la Katito, nikaolewa huku uwanda wa Kano, upande wa Ahero, na Okelo, ambaye kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga maji kwenye mifereji ya skimu ya mpunga. Nimesoma ngumbaru, ile shule ya jioni ya watu wazima, miaka mitatu bila kukosa, nikapata cheti chenye mhuri mkubwa kuliko sahani. Mwalimu wetu alisema tangu Wazungu walete chaki hajaona mwanafunzi wa kuuliza maswali kama mimi. Kwa hiyo haya nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, na ukiona kosa, lawama ni ya kalamu.

Ugonjwa ulianza kiangazi, baada ya Krismasi. Damu ya mwezi ilikuja siku yake kwa adabu, nikafunga vitambaa, nikaendelea na kazi. Siku ya tano haikuondoka. Siku ya kumi ilivunja mlango. Ilitoka kwa mapande kama maini ya mbuzi, na kila pande lilikuja na kisu chake ndani. Nilikata blanketi la harusi vipande vipande. Lilipokwisha nikakata la mume wangu, naye akalala na gunia. Uso wangu ukawa rangi ya majivu. Nikisimama, dunia inanipiga kofi, nakaa tena. Moyo niliusikia ndani ya masikio yote mawili, maana wakati huo nilikuwa nayo mawili, ukigonga kama mashine ya kusaga unga pale sokoni.

Siku arobaini. Mvua ya Nuhu nayo ilikuwa siku arobaini, lakini Nuhu alikuwa na safina.

Utauliza kwa nini sikukimbilia hospitali. Niliona haya. Miaka miwili nyuma mimba yangu ya kwanza na ya pekee iliharibika ikiwa na miezi mitatu, na tangu siku hiyo mama mkwe wangu aliitazama kila damu yangu kama shahidi anayedanganya mahakamani. Nikasema nitafunga mdomo na vitambaa, itaisha.

Lakini nilikuwa mke wa kwanza, mikayi kama tunavyosema, na kwetu mikayi hana ruhusa ya kuumwa wakati wa kupanda. Mbegu ya kwanza ya mwaka hutiwa ardhini na mikayi. Kabla ya asubuhi hiyo, mume lazima alale katika nyumba yake, na walale kama mume na mke. Mikayi asipotangulia, hakuna mke mwingine anayegusa mbegu, wala wake za wana, wala nani. Anayeruka zamu analetea nyumba chira, ile laana ya kukonda mpaka kaburini, na huanza na watoto. Na mwanamke mwenye damu haguswi. Sasa jumlisha mwenyewe. Damu yangu ilikuwa imefunga shamba la boma zima.

Mwaka huo mvua ndefu ilikuja na hasira. Ilipiga mabati mpaka misumari ikaruka, ikang'oa mgomba na ndizi zake, ikaua mbuzi wawili wa jirani kwa radi moja. Siku ya pili majirani wote walikuwa mashambani. Shamba letu lilikuwa limelimwa kwa ng'ombe, jeusi, laini, tupu, likinywa maji bure. Watu waliopita barabarani walisema Okelo mwaka huu anafuga kambale.

Kila asubuhi alisimama mlangoni kwangu bila kuingia.

"Bado?"

"Bado."

Siku ya nne hakuuliza. Aliingia, akaupiga teke mtungi wa maji, ukapasukia ukutani, kisha akanipiga mimi, ngumi mbili za mgongoni, kama mtu anayegonga gari lililokataa kuwaka. Siku ya sita mama mkwe alivitoa vitambaa vyangu vyote nje akavirusha uani mbele ya wapita njia. Aliniita kwa jina la kwetu, binti wa Nyakach, kama wakwe wanavyofanya.

"Nyar Nyakach, unatuua kwa njaa, na unatuua umelala."

Shemeji mmoja alishauri mke wa pili atangulie tu, Mungu ataelewa. Mama mkwe akamrushia mwiko. Alisema kama anataka kuzika watoto wa Apiyo, achimbe makaburi kwanza ndipo achimbe mashimo ya mahindi.

Apiyo ndiye mke wa pili. Mdogo kwangu kwa miaka mitano, mpana kwangu mara mbili, watoto watatu. Sikumpenda, naye hakunipenda, na tulifanya hivyo kwa bidii. Siku ya nane ya mvua alinikuta kwenye mfereji nikifua.

"Nyieka," akasema, maana ndivyo wake wenza wanavyoitana kwetu, "mwezi wa saba watoto wangu watakula nini? Watakula vitambaa vyako?"

Nilikuwa na damu kidogo mwilini lakini ulimi ulikuwa haujaishiwa. Nilimwambia awapikie ulimi wake, ni mrefu, watashiba na watabakiza cha asubuhi.

Alinirukia. Wewe hujapigwa mpaka upigwe na mwanamke ambaye watoto wake wana njaa. Alinishika nywele, akanizamisha uso kwenye matope, nikamng'ata bega mpaka nikaonja chumvi, akanipiga kiwiko cha meno, tukabingirika mpaka ndani ya maji. Nasikia vita ile inasimuliwa Ahero hadi leo, na kila anayesimulia anaongeza raundi. Mimi nakumbuka tu mbingu ikizunguka, kisha giza.

Nilipofungua macho nilikuwa nimelazwa kwenye nyasi. Apiyo alikuwa amesimama ndani ya mfereji, maji magotini, anayatazama. Yote yalikuwa mekundu, kutoka kwake mpaka kwenye kona.

"Kumbe unakufa kweli," akasema polepole. "Mimi nilidhani unaringa."

Hakuomba ruhusa kwa mtu. Alinibeba mgongoni kama mtoto, bega likimtoka damu ya meno yangu, akanifikisha barabara kubwa, akasimamisha lori la mchele. Dereva aliponiona alisema hapana, damu itaharibu mzigo. Apiyo alinitua chini, akaokota jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtu, akalinyanyua mbele ya kioo.

"Chagua, Bwana. Mchele au kioo."

Nilisafiri mpaka Kisumu nimelala juu ya magunia, kichwa changu mapajani kwa mwanamke niliyekuwa nimemng'ata.

Benchi la hospitali sasa. Lilikuwa refu kama reli ya Uganda, na linasogea polepole kuliko reli hiyo. Ukisogea nafasi moja unaacha alama yako, na anayefuata anaifuta kwa khanga bila kusema kitu, kwa sababu naye ana alama yake. Kuna bwana alikuja na barua ya chifu akataka kupita mbele. Mama mmoja wa Obunga, muuza mandazi, aliyekuwa pale tangu alfajiri, aliinuka akamchapa kofi moja, barua ikaenda kushoto, kofia kulia na mwenyewe akaenda mwisho wa foleni. Kisha akaketi na kunikatia nusu ya andazi lake. Nimekula karamu za harusi tangu wakati huo. Hakuna iliyolifikia lile andazi.

Waliniwekea chupa mbili za damu ya watu nisiowajua. Daktari alinibonyeza tumbo, akaandika, akaondoka kwa mwendo wa mtu anayefukuzwa na nyuki. Aliyenieleza ni muuguzi, Sista Miriamu, mama mfupi mwenye sauti ya kondakta.

"Mama, yai lako halitoki," alisema. "Kila mwezi yai linatakiwa litoke. Likitoka, mwili unatengeneza homoni ya kuushika ukuta wa kizazi, na kuuambia siku ya kubomoka. Lako halikutoka. Ukuta umejengwa tu, hakuna fundi, sasa unaanguka ovyo."

Nikasema nyumba kama hizo ninazijua, ziko nyingi.

Alinipa tembe nyeupe, ndogo kama macho ya dagaa. Alisema hiyo ndiyo ile homoni, ila ya kutengenezwa kiwandani. Tatu kwa siku, asubuhi, mchana na jioni, miezi miwili bila kuruka, ili damu ipate nafasi ya kujaa tena mwilini. Nikiruka, ukuta unaanguka. Kisha akanishika kidevu kama mtoto wa shule.

"Sikiliza mambo mawili. Ukiwa unazimeza, mayai yatalala kabisa. Usitafute mtoto na usimwahidi mtu mtoto. La pili, ukimaliza, siku ya pili au ya tatu damu itakuja kwa nguvu. Huo ni ukuta wote unashuka kwa pamoja. Siku tano, sita, itakata yenyewe. Waambie watu wa nyumbani kabla haijaja. Umesikia? Kabla."

Aliyaandika yote kwenye kadi yangu kwa Kiswahili kwa sababu nilimwambia najua kusoma. Nilimwambia mara nne.

Siku ya tatu ya tembe, damu ilikata. Ilikata kama maji ya mfereji Okelo anapozungusha usukani wa lango. Nilikaa kitandani wodini nikiogopa kukohoa, nikidhani nitaiamsha.

Niliporudi nyumbani, nilimwambia Okelo nimekauka. Jioni alikuja na maji ya kunawa miguu, akaingia, na sitaendelea, sikusoma ngumbaru ili nimwaibishe mama yangu. Asubuhi mvua ikinyesha nilipiga shimo la kwanza, nikatia mbegu, nikafukia kwa mguu. Nilipomaliza mstari mmoja niliinua kichwa nikaona Apiyo na jembe kwenye shamba lake, anachimba kama anayezika adui. Hatukusemezana. Lakini mchana aliniletea uji.

Sasa zile tembe. Usifikiri ni za bure. Wiki ya pili matiti yalivimba yakaniuma hata khanga ikigusa. Uso ukaota chunusi kama wa msichana wa darasa la saba. Asubuhi nilitapika, mchana nilikula cha watu watatu, jioni nilikuwa na hasira ya nyati. Kuna kuku alinitazama vibaya, nikamfukuza na mpini mpaka kwa jirani. Nilimtukana katekista. Nililia kwa sababu kamba ya ndoo ilikuwa fupi. Nikanenepa kiunoni. Ikiwa yanakupata, dada yangu, hujarogwa wala hujaingiwa na wazimu. Ni dawa inafanya kazi yake bila kuuliza hali yako.

Lakini mama mkwe hakuwa na kadi ya kusoma. Alikuwa na macho. Aliona natapika, aliona matiti, alihesabu mwezi mmoja hakuna kitambaa kwenye kamba, akahesabu wa pili. Jumapili moja baada ya kanisa akachinja jogoo, akanipa firigisi, kitu ambacho kwetu hapewi mwanamke.

"Kula," akasema. "Unakula na mgeni."

Hapa ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu naandika haya yote. Nilijua hakuna mgeni. Mayai yangu yalikuwa yamelala fofofo, Sista alisema. Nilikuwa nimewaambia tembe zinazuia damu, lakini nilikuwa sijawaambia kwamba damu itarudi, wala kwamba tembe hizohizo zinazuia mimba. Niliogopa Okelo akisikia kwamba damu itarudi hatakuja kupanda. Baada ya kupanda niliogopa kuharibu siku. Miezi miwili hakuna aliyenipiga. Okelo alinichotea maji yeye mwenyewe, mwanamume, na ndoo kichwani, boma zima likitazama. Nilisema nitawaambia kesho. Kesho hiyo niliihamisha mara sitini.

Nikala firigisi.

Tembe ya mwisho niliimeza jioni ya Jumatatu. Alhamisi tulikuwa tunapalilia mara ya pili, mahindi yamefika kifuani, mama mkwe mstari wa pili kutoka kwangu. Damu iliniangusha magotini. Kabla sijaweka jembe chini, miguu yote miwili ilikuwa imeoga. Mapande yalishuka juu ya majani ya mahindi. Mama mkwe aligeuka, akaona. Kisha akapiga ukemi uliosikika mpaka skimu, na maneno ndani yake yalikuwa kwamba nimemuua. Nimemtoa mtoto kwa dawa za mjini.

Okelo alikuja mbio, matope mpaka mapajani. Sikupata nafasi ya kufungua mdomo. Kofi la kwanza lilitua sikio la kushoto kwa kiganja kizima, nikasikia ndani ya kichwa kitu kikipasuka kama ngoma, na baada ya hapo upande huo ikabaki filimbi. Nilianguka. Akanipiga teke la mbavu, la paja, la tumbo lililokuwa tayari linanikata. Mahindi yalivunjika pande zote. Alikuwa analia huku akinipiga, na mtu anayepiga akilia hupiga zaidi.

Nilikuwa na kadi kifuani ndani ya gauni, kwenye karatasi ya unga. Niliitoa. Niliisoma kwa sauti nikiwa nimelala chali, damu ikitoka juu na chini, kama mwalimu wa ngumbaru anayesomesha darasa la viziwi: akiwa anatumia dawa hii yai halitoki, hawezi kushika mimba, akimaliza atatokwa na damu nyingi, si hatari, itakata.

"Karatasi inasema chochote," akasema, akanyanyua mguu tena.

Jembe likatua ardhini katikati yetu, likazama mpaka mpini. Apiyo alikuwa amesimama pale, anahema.

"Baba Otieno," akamwambia Okelo, kwa jina la mwanawe, "mpige. Mpige afe. Halafu uniambie mwaka ujao nani atatutangulia shambani."

Okelo alibaki na mguu hewani.

"Mama," akamgeukia mkwe, "ulisema wewe mwenyewe nikitangulia watoto wangu watakonda mpaka wafe. Basi huyu ndiye chakula cha wanangu. Anayemgusa ananinyang'anya sahani."

Okelo alishusha mguu. Akalitazama jembe, akatazama mahindi aliyoyavunja, kisha akaondoka kurudi kwenye mifereji yake. Apiyo aliniosha. Kila asubuhi alikuja kuuliza neno moja, imekata? Siku ya sita nikasema imekata. Akaenda moja kwa moja jikoni kwa mama mkwe, nikamsikia kwa sikio lililobaki akisema karatasi haikudanganya.

Tulirudi Kisumu tukiwa watatu, maana Apiyo alimwambia Okelo kama haendi, yeye atakwenda na hatarudi. Daktari wa masikio alitazama ndani, akasema ngozi imechanika na usaha umeingia, atajaribu. Alijaribu. Sista Miriamu aliposikia habari yote alipiga meza mpaka chupa ya sindano ikaanguka.

"Nilikwambia uwaambie kabla."

Kisha akamgeukia Okelo, aliyekaa ukingoni mwa benchi na kofia magotini, akamweleza. Alimweleza kwa lugha ya mifereji: lango, maji, usukani, zamu ya kufungua. Okelo alielewa, ni kazi yake. Aliuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo hakukuwa na mtoto?"

"Hakukuwa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akageuza viganja vyake akavitazama, mbele na nyuma, kama mtu aliyekabidhiwa vitu ambavyo si vyake.

Baada ya hapo nilipewa tembe kwa mpango mwingine: wiki tatu nameza, wiki moja napumzika, damu inakuja, naanza tena. Mizunguko sita. Wa kwanza na wa pili tulivuna yale mahindi, pamoja na mapengo yake. Wa tatu mto ulifurika, ukaingia kwa Apiyo, akahamia kwangu na watoto watatu, wakanila mpaka chumvi. Wa nne na wa tano mvua ndogo. Wa sita kiangazi. Mwenye duka mmoja wa mjini alinipa kalenda yenye picha ya treni, nikaitundika ukutani, na kila siku ya damu niliichora msalaba kwa kalamu nyekundu. Safari hii kabla ya kila tembe ya mwisho nilipita nyumba hadi nyumba kutangaza kama karani wa kuhesabu watu: keshokutwa nitatokwa na damu, msishtuke, si mimba, si laana. Watoto wa Apiyo walinicheka. Afadhali.

Kisha Sista akasema basi, hakuna tembe tena. Sasa tungoje tuone kama yai litaamka lenyewe. Hilo ndilo benchi refu kuliko yote, na hulikalii hospitali, unalikalia ndani ya mwili wako. Mvua zilikuwa karibu. Kama ukuta ungejengwa tena bila fundi, ningeanza kumwagika siku zile zile za kupanda, na nilijua sasa Okelo ana mguu wa namna gani. Siku ya ishirini na nane, hakuna kitu. Ya thelathini, hakuna. Sikulala, sikula, nilichora viduara kwenye kalenda mpaka treni ikaota chunusi. Siku ya thelathini na moja, mchana, maumivu ya kawaida, yale ya zamani, ya usichana wangu, yalinishika kiuno. Damu ilikuja kwa adabu. Siku ya nne ikaaga. Sista aliposikia alisema ni dalili kwamba yai limetoka, tuone tena. Mwezi uliofuata, siku ya ishirini na tisa. Nilicheza uani peke yangu mpaka mama mkwe akatoka kuangalia kama kuna harusi.

Kwa hiyo, mama mwenzangu wa benchi, meza tembe zako. Usiruke. Ukitapika na kuvimba, vumilia au mwulize sista. Ila kabla ya kumeza ya mwisho, waite wote wa nyumbani, wenye macho na wenye miguu, uwaambie damu inakuja na inakuja kwa sababu gani. Usile firigisi ya mtu kwa kunyamaza.

Mvua ndefu iliyofuata ilianguka mapema, nami nilikuwa siku ya pili ya damu. Majirani walianza kupanda. Boma letu halikutia hata mbegu moja. Jioni mama mkwe alikuja mpaka mlangoni kwangu, mama yule, akaingia, akasimama mbele ya kalenda ya treni asiyoweza kuisoma.

"Mikayi," akasema, "kalenda inasemaje?"

"Siku mbili, Mama. Ya tatu tunapanda."

Akaenda akawaambia wengine. Wakangoja siku mbili wakinoa majembe, na hakuna mtungi uliovunjika.

Asubuhi ya tatu nilitangulia shambani na jembe. Okelo alinifuata na kikapu cha mbegu, upande wangu wa kushoto. Apiyo alikuwa kwenye mpaka wa shamba lake akisubiri nianze. Tulipofika mahali pa shimo la kwanza, Okelo alisimama karibu nami akasema kitu. Nilijua anasema kwa sababu pumzi yake iligusa shingo yangu, na ilikuwa ya joto, na ilichukua muda. Okelo anajua vizuri sikio lipi halisikii. Yeye ndiye aliyelifunga. Nikamwona Apiyo, aliyesikia, anatazama chini.

Sikumwuliza Apiyo baadaye. Wala sikumwomba Okelo arudie upande wa pili. Nilipiga jembe, udongo ukafunguka, nikanyoosha mkono anipe mbegu.